Musiki ya kuchekesha mu rock progressive: ni musiki ya kweli ao ni mchezo tu?

Batri_Katuba (Lubumbashi)

Jambo yenu bayaya na bandugu. Miye napiga batri (ngoma za orkestre) mu kaorkestre ketu huku Katuba, tunacheza rumba, tunacheza nyimbo za kanisa, na kukiwa ndoa tunacheza kila kintu bantu banaomba. Sasa yaya moja alinipatia fulashi yenye kujaa rock ya zamani ile ya kuvurugika, yenye banaita rock progressive, muko Frank Zappa wa Amerika, muko Gong, muko Samla Mammas Manna ya ku Sweden, muko Henry Cow ya Uingereza, na tangu pale sisikilize tena kintu kingine. Banapiga ritime ngumu, hata kuhesabu nashindwa, kiisha gafula muntu analia sawa mutoto ao inaingia musiki ya sirki, halafu banarudia pale balikuwa kama vile hakuna kilichopita. Nacheka peke yangu mu nyumba mpaka mama anauliza niko na nini. Nikasikilizisha shefu wa orkestre, akasema hii haina musiki, mwenye kuheshimu musiki hachekeshe bantu nayo.

Miye sikubali lakini sikupata maneno ya kumujibu. Juu ya nini bantu benye kujua kupiga vile banachanganya na mchezo? Na tena, siye tukijaribu kintu cha vile huku kwetu, bantu batajuaje kama ni mchezo, haina kosa?

Gitare_Likasi

Mudogo, ulizo yako ya mwisho njo inajibu ya kwanza. Kosa na mchezo mu musiki binatenganishwa na kintu kimoja: kama orkestre yote inaruka pamoja, pa nafasi moja. Batri ikiruka peke yake, ile ni kosa. Batri, basi (gitare ya sauti nzito), gitare na sauti bikiruka pamoja kiisha birudi pamoja, kila muntu mwenye kusikiliza anajua ile ilipangwa, na pale njo kicheko kinatokea. Mwenye kutaka kuchekesha anapashwa kupiga sawasawa kupita yule mwenye hachekeshi, juu mchezo wenye kuchelewa kidogo tu umeshakufa. Muambie shefu wenu vile.

Na kwa sababu weye ni mupiga batri, anzia ku The Black Page ya Zappa, iko mu albumu Zappa in New York ya 1978, balirekodi konseri mu Desemba 1976. Aliandikia Terry Bozzio, mupiga batri wake, na noti zilijaa pa karatasi mpaka ukurasa ulionekana mweusi, jina lilitoka pale. Mara ya kwanza inapigwa ku batri. Mara ya pili ni melodi ileile, lakini sasa chini yake anatia ritime ya disko ili bantu bacheze dansi! Fikiri basi, kintu chenye bapiga musiki wakubwa banatokwa jasho kukisoma, yeye anakileta pa nafasi ya kudansi. Melodi yenyewe haina maneno ya kuimba, lakini ukijua kinachoendelea utacheka, na ukiisha kucheka utarudi kusikiliza tena juu ya mikono ya ule muntu.

Kiisha sikiliza Rubber Shirt, mu Sheik Yerbouti ya 1979. Unasikia basi na batri binazungumuza, mumoja anauliza mwingine anajibu, ungeapa kama balikuwa mu chumba kimoja banaangaliana. Hapana. Kila mumoja alirekodiwa mbali na mwenzake, ku nyimbo zingine, ni Zappa alibishona pamoja ku bande. Miye hii inanishangaza mpaka leo, juu maisha yote tulifundishwa basi na batri njo ndoa ya musiki, na huyu anaonyesha ya kama masikio yetu njo yanafungisha ile ndoa.

Nyota_ya_Bukavu

Miye niko Bukavu, nakubali ya yaya wa Likasi kuhusu batri, lakini tuseme kweli yote. Zappa ana nyimbo nyingi ambazo mchezo uko kwenye maneno, na maneno yenyewe mara nyingi ni kudharau wanawake, sasa mtoto akianza na zile atafikiri kuchekesha kwenye musiki ni kutukana na gitare nyuma. Kama mwanamke, kuna pande nzima za diski zake siziwezi, na ukubwa wake kwenye kuandika musiki hauniondolei hilo.

Kwangu mlango mzuri ni Samla Mammas Manna. Walianza Uppsala mwaka 1969, na Lars Hollmer alikuwa anapiga kinanda na akodeoni. Tafuta Måltid ya 1973. Melodi zao ni kama dansi ya kijijini, tamu kabisa, ungeweza kumuimbia mtoto, halafu inaanza kukimbia, inakimbia, mguu mmoja unakuwa mfupi kuliko mwingine, na sauti nyembamba inapanda juu bila maneno yoyote. Ndiyo maana naipenda hivi: siijui lugha ya kule hata kidogo lakini nacheka palepale wao wenyewe wangecheka. Mchezo uko ndani ya sauti. Hauhitaji kumdharau mtu.

Na Gong usiwaache! Daevid Allen alikuwa mtu wa Australia, alianzisha Soft Machine na wenzake Uingereza, halafu 1967 walipotoka kucheza Ufaransa akakataliwa kurudi kwa sababu ya mambo ya viza. Sisi wa huku tunajua uchungu huo. Yeye akabaki Ufaransa, akajenga Gong, na kufika 1973 wakatoa Flying Teapot, hadithi ya birika za chai zinazoruka angani na vitu vidogo vya kijani vyenye panga za ndege kichwani. Mwenye haraka atasema upuuzi. Lakini sikiliza saksofoni ya Didier Malherbe humo uniambie kama huyo ni mtu asiyeheshimu musiki.

Mukubwa_Kamalondo

Mumesema vizuri, miye naongeza kitu kimoja chenye kinanigusa sana juu kinafika mpaka kwetu.

Tarehe 12 Machi 1978 mu London, Henry Cow baliita orkestre zingine ine za Ulaya: Samla, Stormy Six ya Italia, Univers Zero ya Ubelgiji, na Etron Fou Leloublan ya Ufaransa. Konseri ile bakaiita Rock in Opposition, kupinga bakubwa ba kampuni za diski benye hawakutaka musiki yabo. Kwa hiyo mudogo, pale unauliza juu ya nini banacheza hivi, sehemu moja ya jibu ni ile: wimbo wenye kubadilika mara kumi haukatike vipande ili uuzike ku radio, na hawa bantu balitaka vile kabisa. Si wote balikuwa ba kuchekesha, Univers Zero ni giza tupu, inatisha. Lakini Etron Fou ni kicheko toka mwanzo mpaka mwisho na tena ni hasira.

Nyuma kidogo Aksak Maboul ya Ubelgiji nao bakaingia mu kundi lile. Albumu yabo ya 1977 jina lake ni dansi kumi na moja za kupigana na maumivu ya kichwa, bakachanganya musiki ya Balkani, jazi, kamashini ka ritime, kila kintu. Mwenye kuwaongoza, Marc Hollander, njo alianzisha nyumba ya diski Crammed ku Bruxelles. Na ile Crammed njo ilitoa albumu Congotronics ya Konono N°1, orkestre ya Kinshasa, mu 2004! Likembe za Kinshasa (vyombo vya vyuma vyenye kupigwa na vidole), zenye mikro za kutengeneza na sumaku za motokari za kufa, kelele ya ajabu. Aliyewarekodi ni Vincent Kenis, naye alipita mu Aksak Maboul. Balitambua Konono kwa sababu masikio yabo yalikuwa tayari. Mzee Mingiedi, mwenye kuanzisha Konono, orkestre yake ilikuwa inapiga vile tangu zamani, hakuna muntu wa London aliyemufundisha.

Na siye ba huku, karindula tumeisahau? Gitare kubwa ya pipa na ngozi ya mbuzi, muntu anaikalia juu anapiga, wimbo unaenda, unaenda, muimbaji anatia mambo ya jirani, ya deni, ya bibi na bwana, bantu banaanguka na kicheko hata pa kilio. Ritime haipotee hata dakika moja. Shefu wako aende asikilize kisha aseme tena kama kicheko kinaharibu musiki.

Batri_Katuba (Lubumbashi)

Aksanti sana bakubwa, ya Konono sikuijua kabisa, nimeisoma mara mbili. Shefu nimemusikilizisha Måltid leo, hakusema kintu lakini aliomba fulashi ibakie kwake. Sasa yaya wa Likasi nieleze basi ya kufanya, tuko na konseri kadogo mwisho wa mwezi, nataka kujaribu kintu kimoja tu ndani ya rumba yetu.

Gitare_Likasi

Muzuri. Usibadilishe wimbo muzima, chukua sebene tu, ile sehemu ya rumba ya gitare na dansi, juu pale kila muntu mu Kongo anajua kinachofuata na mwili wake uko tayari. Mupige mara tatu sawa kawaida, hesabu nane nane. Mara ya ine mukate moja ya mwisho, ibakie saba, mubili-mubili-tatu, na gitare mi-solo (ile ya katikati ya solo na akompanyima) isibadilishe melodi yake hata kidogo, yeye aendelee kama hajui kintu. Benye kudansi batakanyaga hewa. Kiisha murudie nane, mara tatu tena, na mukate tena palepale. Ya pili njo ya lazima, ya kwanza bataangalia weye mupiga batri na macho ya kukuuliza, ya pili batacheka.

Mujizoeze polepole kabisa, makofi tu kwanza bila vyombo, basi na batri peke yenu. Na pa ile saba usipige sahani ya batri, piga kafuniko ka nyungu ao kintu kingine chenye sauti kavu, bantu basikie mahali penye kukatiwa. Mukifika zamu ya tano ya kukata, musikate tena, mubaki mu nane mpaka mwisho, muache bantu badansi.