Rawlings wa Ghana: mwanamapinduzi aliyeenda IMF, ilikuaje?

Kijana wa Mbozi: Wakuu habari za jioni, naomba kueleweshwa. Rawlings, yule mwanajeshi wa Ghana, kachukua nchi 31 Desemba 1981, kaja na mapinduzi ya wananchi, kamati za ulinzi mpaka viwandani, mfanyabiashara akizidisha bei ya serikali anakiona cha moto. 1983 huyohuyo anakubali masharti ya mkopo ya IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa! Mwalimu wetu aligoma mpaka anang'atuka, tukaja kusaini 1986 chini ya Mwinyi. Huyu kilimkuta nini?

Mzee wa Kahawa: Mkuu hakua na pa kushika. Huo 1983 ukame, moto unakula mashamba ya kakao, Januari Nigeria imefukuza Waghana kama milioni moja wanarudi nyumbani kwenye njaa, watu wamekonda mifupa ya shingo imetokeza wakaiita cheni ya Rawlings. Na ugonjwa ulikua wa siku nyingi. Dola moja kwa bei ya serikali ilikua sedi 2.75 (sedi ndo pesa ya Ghana) wakati mtaani ni mara nyingi zaidi ya hapo, sasa bodi ya serikali inayonunua kakao inamlipa mkulima kwa hiyo hesabu ya serikali, we ungeuza? Walikua wanavusha magunia usiku kwenda Kodivaa na Togo. Kakao miaka ya 60 ilivuka tani 500,000, msimu wa 1983/84 wakapata kama 160,000 tu. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa, kahawa yetu ilikua inaenda Uganda kwa magendo kwa sababu hiyohiyo.

Dada Neema: Sawa ila msiishie kwa mkulima. Waziri mkuu Busia alishusha thamani ya sedi Desemba 1971, Januari 1972 jeshi likampindua. Rawlings kwenye mpango huo wa IMF kaishusha mpaka sedi 90 kwa dola kufikia 1986 na hakuna aliyemtoa, manake bunge halipo, vyama vimefungwa, na watu wanaogopa. Maelfu ya watumishi wa serikali walipunguzwa kazi, 1985 wakapandisha ada za hospitali. Hapo nani aliulizwa?

Mzee wa Kahawa: Hakuulizwa mtu, hilo sikupingi dada yangu. Lakini na kabla ya 1983 mkulima nani alimuuliza? Alikua anakatwa kimyakimya miaka yote ili mjini wale kwa bei ya chini. Halafu waziri wa fedha aliyesimamia yote hayo, Kwesi Botchwey, alikua msomi wa Kimarx na alishafundisha hapo Chuo Kikuu cha Dar, sio mtu wa kuambiwa hajui ubeberu ni nini. Hazina ilikua tupu.

Dada Neema: Bei ya mkulima kupanda baada ya sedi kushushwa naunga mkono kwa moyo wote. Ninachokataa ni mpangilio. Mpango wa kuwasaidia walioumia, ule wa PAMSCAD, umekuja mwishoni mwa 1987, miaka minne watu wanajiuguza wenyewe. Kama pesa za wafadhili zilikuwepo kwa barabara za kubebea kakao na bandari, zahanati zilishindikana nini kuwekwa kwenye mkataba uleule wa mwanzo?