Mjadala: Mwalimu apimwe kwa PEPMIS, kwa watoto wanaojua kusoma, au aachwe afundishe?

Mzazi wa Kibamba
Wakuu, salaam. Tangu Januari 2024 watumishi wa umma Tanzania, walimu wakiwemo, wanapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa mtandaoni wa kupima utendaji kazi. OPRAS, upimaji wa zamani wa makaratasi, tumeuzika. Mwalimu anaingia kwenye mfumo, anaandika majukumu yake, anayakata vipande vidogovidogo, anajaza alichotekeleza, mwalimu mkuu anaidhinisha, inatoka asilimia. Swali langu: hiyo asilimia inaniambia nini kuhusu mtoto wangu wa darasa la tatu ambaye hadi leo anasoma "ba-ba a-na-li-ma"? Mimi naona kipimo kiwe kimoja: watoto wamejua kusoma au hawajajua. Ila tunaogopa kusema ukweli, wengi waliingia ualimu kwa kukosa pa kwenda, na divisheni four zao mkononi.

Chaki Tatu
Nilikuwa nakusoma vizuri hadi sentensi ya mwisho. Nina divisheni two ya form six na shahada juu, nafundisha darasa la kwanza, watoto 140 chumba kimoja, madawati yanatosha nusu. Njoo wewe na one yako uwafundishe kuunganisha silabi hadi Novemba, halafu nikupime.

Mzazi wa Kibamba
Mwalimu, sijakutaja wewe. Nimesema wengi.

Chaki Tatu
Wengi ndio akina nani? Wataje kwa shule.

Mjukuu wa UPE
Tusijifanye wageni wa nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma 1974, lililotaka kila mtoto aingie shule ya msingi (ndiyo UPE), watu walitoka darasa la saba, wakanolewa kidogo, wakakabidhiwa darasa. Enzi za shule za kata wakaja vodafasta, form six aliyepigwa msasa wiki chache anaenda kufundisha form four. Kila mara serikali ilitaka idadi na ikaipata. Safari hii imetaka asilimia.

Mwl. Bando Bovu
Mkuu, mimi ni vodafasta na sioni haya. Baadaye nilisoma chuo, kwa mkopo wangu, likizo zote zikaishia huko. Nina wanafunzi wangu wawili madaktari.

Mjukuu wa UPE
Hongera kwa wawili. Waliobaki? Au umesahau matokeo ya form four ya 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa ziro?

Mwl. Bando Bovu
Mtihani ulikuwa wa 2012, matokeo yakatangazwa Februari 2013, kelele zilipozidi yakafutwa na kupangwa upya. Kama hujui mwaka, usinihukumu nao.

Mjukuu wa UPE
Kwa hiyo mwaka ukiwa sahihi ziro zinapungua?

Kalamu Nyekundu
Naomba niingize kitu, maana swali la mzazi limeshawahi kujaribiwa hapahapa nchini. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza kwenye shule za msingi 350, darasa la kwanza hadi la tatu. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku tu, shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Kundi la pili, walimu waliahidiwa 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na mwalimu mkuu 1,000. Kundi la tatu likapata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua alama za watoto. Ahadi ya fedha kwa mwalimu peke yake, matokeo yake hayakueleweka vizuri. Palipounganishwa ruzuku na ahadi, watoto walipanda, na kwa zaidi ya jumla ya hizo mbili. Maana yake mzazi ana hoja, na Chaki Tatu naye ana hoja: mpime mwalimu kwa watoto, lakini mpe kwanza vitabu na chaki. PEPMIS haifanyi hata moja kati ya hayo. Inapima uaminifu wa kujaza.

Chaki Tatu
Elfu tano?? Yaani mtoto wa mtu kujua kusoma ni bei ya chipsi kuku? Halafu mnashangaa tunadharauliwa.

Mwl. Bando Bovu
Na mwalimu mkuu analipwa buku kwa jasho langu! Hata kwenye majaribio bosi hakosi chake.

Jirani wa Busia
Huku kwetu Kenya mnachokilalamikia tulikianza 2016, inaitwa TPAD. Wakati huo kila muhula ulikuwa unajaza, naibu wa mwalimu mkuu anakuja kukuona ukifundisha, mnakaa mnakubaliana alama. Chama cha walimu, KNUT, kilipiga kelele sana wakati wa katibu mkuu wake Sossion. Kusema ukweli, wengine walikuwa wanampa mtu wa saiba, yaani duka la intaneti, awajazie, wao wakaendelea na kusahihisha. Alama zikatoka nzuri ajabu.

Mjukuu wa UPE
Kumbe waliokuwa wanapimwa ni wenye saiba.

Mzazi wa Kibamba
Tusihame. Ndiyo maana nasema matokeo. Tangazeni shule zilivyofanya, mzazi ajue.

Kalamu Nyekundu
Baraza la mitihani, NECTA, wenyewe waliacha kutangaza shule kumi bora tangu Januari 2023. Ukiipanga shule ya kata ya Kakonko foleni moja na seminari inayochuja watoto mlangoni, unapima uchujaji.

Mzazi wa Kibamba
Mimi nakaa Kibamba, Dar es Salaam, Kakonko imeingiaje?

Mwl. Bando Bovu
Imeingia kwa sababu mimi ndiko niliko, mkoa wa Kigoma, na mfumo unanitaka niwe na intaneti. Kishikwambi kilichotumika kwenye sensa nilipewa, bando nanunua mwenyewe. Mwezi Juni kila mtu anajaza kwa pamoja, mfumo unazunguka tu. Nimejaza saa tisa usiku juu ya kichuguu, ndiko mtandao uliko. Mwalimu mkuu wangu hajakanyaga darasani kwangu mwaka mzima, akaidhinisha wote kwa mkupuo akiwa msibani. Nimepata 91.

Chaki Tatu
Heri yako. Mimi 78, kwa kuwa niliandika ukweli kwamba mada mbili sikuzimaliza.

Mjukuu wa UPE
Na afisa elimu kata yuko wapi siku zote hizo? Si ndio walipewa pikipiki 2018 wazunguke mashuleni?

Mwl. Bando Bovu
Pikipiki ipo, naiona sokoni kila Jumamosi na mkungu wa ndizi.

Mratibu Mkongwe
Nimekuwa nasoma kimya, hapo kwenye ndizi nimeshindwa. Mimi ni afisa elimu kata. Nina shule saba, mbili ziko ng'ambo ya mto, masika hazifikiki. Mafuta yakichelewa natoa mfukoni. Msituseme kama hatuna watoto.

Chaki Tatu
Pole mheshimiwa. Na wewe unajaza PEPMIS?

Mratibu Mkongwe
Ndiyo, kama mtumishi mwingine.

Chaki Tatu
Ulipata ngapi?

Mratibu Mkongwe
96. Kwani?

Mzazi wa Kibamba
Na kati ya shule saba umefika ngapi mwaka huu?

Mratibu Mkongwe
Hilo liko kwenye mfumo. Muulize aliyeidhinisha.