Mjadala: Hannibal alikosea kutokwenda Roma baada ya Cannae?

Kila Hannibal, jemadari wa Karthago ya Afrika Kaskazini, akitajwa, hoja ni ileile: aliwaangamiza Warumi pale Cannae, kusini mwa Italia, Agosti 216 KK, kisha akaiacha Roma ikapumua. Wenye hoja hiyo humshika Maharbal, kamanda wake wa farasi, ambaye kwa simulizi ya Livy, mwanahistoria wa Kirumi, alimwambia kwamba kushinda anajua, ila kuutumia ushindi hajui. Mimi naipinga.

Ukubwa wa ushindi haubishwi. Livy anataja wafu karibu 48,000, Polybius, mwanahistoria Mgiriki, anafika 70,000, kwa siku moja. Katikati ya jeshi la Hannibal ilirudi nyuma hatua kwa hatua hadi Warumi wakajikuta wamo ndani ya mfuko, na farasi wakaja kuufunga mdomo.

Lakini kushinda uwandani ni kazi moja, kuvunja ukuta ni nyingine. Roma ilikuwa umbali wa kilomita 400 hivi. Saguntum, mji mdogo sana kwa Roma, ulimchukua miezi minane, tena kulekule Hispania alikokuwa na ngome yake. Na itazameni Casilinum, mji mdogo wa Italia uliolindwa kwa ajili ya Roma, miezi michache tu baada ya Cannae. Askari kama elfu moja walimkalisha majira yote ya baridi. Walilainisha ngozi za ngao zao kwa maji ya moto wakazitafuna. Hannibal akailima ardhi chini ya ukuta ili wasipate hata majani. Wao wakamwaga mbegu za mboga humohumo kwenye udongo alioutifua. Livy anasema Hannibal aliuliza kama atakaa pale mpaka ziote. Mwishowe aliwaachia kwa fidia. Na hao walikuwa elfu moja! Roma yenyewe ilishanunua watumwa 8,000 na kuwapa silaha.

Shabaha yake ilikuwa kuwatenga Warumi na washirika wao. Capua, mji mkubwa wa Italia, ilimfuata; Walatini, washirika wa karibu zaidi wa Roma, hawakutikisika. Mdogo wake Mago alipokwenda Karthago kuomba msaada, alimwaga mbele ya baraza pete za dhahabu zilizovuliwa vidoleni mwa mabwana wa Kirumi waliouawa. Hanno, hasimu wa ukoo wao, akauliza: kuna Mlatini yeyote aliyehama? Swali lilikuwa la haki, hata kama lilitoka kwa adui.

Kinachoniuma ni kilichofuata. Mwaka 215 KK Mago alikuwa tayari kuvuka kwenda Italia na askari wa miguu 12,000, farasi 1,500 na tembo 20. Karthago ikawageuza ikawapeleka Hispania. Hannibal alibaki Italia hadi 203 KK, akimalizika polepole, na kosa hilo tunambebesha yeye badala ya waliomnyima watu.

Anayeshikilia kwamba angekwenda Roma, aanze na ukuta: angeuvukaje, na jeshi lingekula nini likisubiri?