Tupeane uzoefu: Yesu alikuita ukiwa kwenye kazi gani, na nini kilifuata?

MamaVitenge_Busia: Jana tumesomewa Mathayo 9:9, mtu ameketi forodhani anaambiwa "Nifuate" anainuka. Silali. Sisi wa sokoni, wa boda, wa shamba, kwenu ilikuwaje?

BodaNtinda: Niliacha kumpandishia bei mgeni asiyejua njia. Stejini wananiita mulokole, yaani aliyeokoka, mpaka leo.

EjentiMalaba: Mama umenigusa kidonda. Mimi ndiye Mathayo kabisa, kazi yangu makaratasi ya forodha. Niliokoka kwenye mkesha, haikupita muda bosi akaniletea invoisi mbili za mzigo mmoja, ya kweli na ya kupunguzia ushuru, akasema ingiza hii ya pili. Lori liko foleni, dereva anapiga simu, mwenye mali kasimama mgongoni kwangu, na paswedi inayotakiwa ni yangu maana ukiingiza jina lako ndilo linabaki. Nikasema siwezi. Bosi hakufoka, na hilo ndilo liliniuma, alicheka tu akauliza, watoto wako watakula Biblia? Nikatoka nikasimama nyuma ya choo nikalia, karo haijalipwa na mke sijamwambia kitu. Jioni nikamwambia, akaendelea kuchambua maharage kimyaa, halafu akasema tutauza yule ng'ombe.

DadaMbale: Weeh! Na lori??

EjentiMalaba: Lilipita usiku huohuo kwa mkono wa mwingine.

MulokoleKabale: Ndugu, ungeshuhudia palepale mbele ya ofisi nzima. Wazee wetu wa uamsho wa Afrika Mashariki walitubu hadharani na kurudisha walivyoiba. Simeoni Nsibambi, mmoja wao, alikuwa mlei tu, siyo mchungaji, na hakunyamaza. Kulia chooni siyo ushuhuda!

KatekistaKitgum: Mwache mwenzio. Alikataa, basi ameshuhudia. Daudi Okelo na Jildo Irwa walikuwa makatekista vijana, walikwenda Paimol, kaskazini mwa Uganda, kufundisha watu sala wakauawa 1918. Hawakuhitaji kelele.

MulokoleKabale: Unawataja kwa vile ni Wakatoliki wenzako.

KatekistaKitgum: Mashahidi wa Uganda kule Namugongo, 3 Juni 1886, Wakatoliki na Waanglikana walichomwa siku moja. Mipaka hiyo unaitoa wapi?

DadaMbale: Jamani, turudi kwa ejenti. Una kazi sasa?

AfandeGulu: Mimi askari. Yohana Mbatizaji hakuwaambia askari watoke jeshini, alisema msidhulumu mtu, mtosheke na mishahara yenu, Luka 3:14. Watoza ushuru ni mstari wa 13, wasitoze zaidi ya walivyoamriwa. Zakayo naye alirudisha mara nne lakini hatusomi kwamba aliacha kazi. Baki forodhani, tafuta bosi mwingine.

BodaNtinda: Mimi naona aachane nayo kabisa akalime, mpaka wetu huo utamrudisha kulekule.

MwalimuTororo: Akalime wapi na ng'ombe kauzwa? Luka 14:28, hesabu gharama kwanza ndipo uache kazi.

DadaMbale: Angehesabu angetia sahihi.

EjentiMalaba: Kazi ninayo, siyo ile. Nawajazia fomu wafanyabiashara wadogo, pesa ni kidogo, karo nalipa kwa vipande na mkuu wa shule amekubali. Wale wakubwa hawanipigii tena.

MamaVitenge_Busia: Mwanangu, Alhamisi nina mzigo unaingia na risiti zangu zote ni za kweli. Nitumie namba inboksi.