FAMILIA YA ISONGOLE: kupukuchua Jumamosi

*Jumatano*

[19:04] Sekela: Shikamooni wakubwa wote. Jumamosi tunapukuchua mahindi nyumbani. Naomba tumalize leo: kava la shafti ya mashine, mifuko ya kinga njaa, na nani anabaki na watoto. Mchango 20,000 kila nyumba. Mimi nimeshatuma kwa Mama Ezra.

[19:05] Sekela: Msisome mkanyamaza jamani

[19:31] Ezra: Dada nani anapika? Hilo ndilo la kwanza 😂

[19:33] Mama Joy: Ezra na tumbo lake. Mwaka jana kande ziliisha vijana hawajanawa hata mikono

[19:34] Ezra: Kande za Shangazi zinaniita zenyewe

[19:40] Sekela: Kande zitakuwepo. Narudi kwenye shafti. Trekta likiwa kwenye mwendo wa kazi, shafti inayoendesha mashine inazunguka mara 540 kwa dakika. Ni mara 9 kwa sekunde moja. Ikidaka ncha ya kanga au mkono wa sweta, mtu hana muda hata wa kupiga kelele. Na yetu iko wazi, kila mtu anairuka kwenda kuchota mahindi. Kuna fundi wa kuchomelea Mwanjelwa, atatengeneza kava la bati nene, anataka vipimo tu.

[20:12] Ba'mdogo: Mashine ni yangu na nimeitumia miaka yote. Kava lilinizuia kupaka grisi ndiyo maana nikalitoa. Vijana wangu wanajua kazi.

[20:15] Sekela: Shikamoo Ba'mdogo. Fundi ataweka bawaba. Trekta likizimwa mnafungua, mnapaka grisi, mnafunga.

[20:16] Ba'mdogo: Na pesa?

[20:16] Sekela: Ndiyo huo mchango Ba'mdogo

[20:44] Joy Dar: Mimi sitakuwepo ila tumeni picha. Trekta lilipakwa rangi gani safari hii?

[20:45] Ezra: Rangi ya deni 😂😂

[20:45] Mama Joy: 🤣🤣🤣

*Alhamisi*

[06:10] Sekela: Waliotuma mpaka sasa: mimi na Mama Joy. Humu tuko 23.

[06:14] Sekela: La pili. Nasikia mahindi yatawekwa chumba cha nyuma na yatatiwa vidonge vya kuua wadudu. Nawaomba sana, hapana. Chumba kile kimeshikana na wanapolala watoto na dari ni moja. Vidonge vile vikikutana na unyevunyevu wa hewani vinatoa gesi, na gesi inapita kwenye ufa mdogo tu. Kitambaa cha puani hakiizuii. Hospitali hawana dawa ya kuiondoa mwilini, wanahangaika na pumzi na moyo tu. Na baridi yetu hii tunafunga madirisha usiku kucha! Mifuko ya kinga njaa haihitaji kidonge. Mahindi yakikauka vizuri unafunga mfuko wa kwanza, wa pili, kisha gunia la nje. Wadudu wanakosa hewa wanakufa.

[07:50] Shangazi Makambako: Vidonge tumetumia tangu zamani, mbona tupo

[07:58] Sekela: Shangazi, msiba wa ng'ambo ya mto tulikwenda wote

[08:20] Shangazi Makambako: Walisema ni chakula

[08:21] Mama Ezra: Walisema.

[08:30] Ezra: Sasa kande tunakula au hatuli 😂

[08:30] Sekela: Ezra leo niache

[13:27] Tumaini: Nimesoma tangu jana. Kumbe kava linachomelewa kwa mchango wa siku mbili. Mimi mliniambia ni bahati mbaya, wengine mkasema nimetupiwa kitu. Gunzi lilikwama, nikaambiwa "sukuma tu, tusizime, dizeli inaisha". Aliyeniambia yumo humu. Hospitali mama aliuza ng'ombe. Hakuna aliyekuja kuniuliza jembe nalishikaje kwa vidole viwili.

[13:28] Ba'mdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

[13:41] Ba'mdogo: Tumaini, hayo tuliyamaliza mbele ya mzee

[13:42] Tumaini: Mliyamaliza ninyi

[15:55] Joy Dar: Kaka Tuma pole. Huku kiwandani mkaguzi wa OSHA, wale wa usalama kazini, akikuta mashine ya hatari iko wazi ana uwezo wa kuisimamisha, sheria ipo tangu 2003. Na aliyesajiliwa na mwajiri wake akiumia, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unamhudumia. Vibarua wa Jumamosi nani amewasajili?

[15:58] Sekela: Hakuna. Wakiumia ni sisi na mama zao.

[17:20] Eliza (simu ya Babu): Shikamooni. Babu amesema niandike anavyosema. "Mashine ile isiwashwe kwenye kiwanja changu mpaka shafti ifunikwe. Hindi likikwama trekta lizimwe, ufunguo apewe Tumaini, aukabidhi mwenyewe akishaona mikono ya watu iko nje. Chumba cha nyuma kisiingie kidonge. Na ng'ombe yule sijamsahau."

[17:21] Mama Joy: Ndaga fijo, asante sana Babu 🙏

[17:22] Shangazi Makambako: 🙏

[18:47] Ba'mdogo: Nimesikia mzee. Ila Jumapili trekta limeshakodiwa Mbalizi. Kava lisipofika kesho ni mpaka wiki ijayo, na turubai ni moja.

[18:49] Sekela: Basi tusogeze. Ya kula wiki hii tutapukuchua kwa mkono. Kaka Tuma utakuja?

[19:36] Tumaini: Nitaangalia

[19:40] Mama Ezra: Na la ng'ombe litaongelewa lini?

[20:05] Mama Ezra: Zimefika 70,000. Fundi anataka nusu kwanza.

[20:09] Ezra: Nimetuma 10,000, nyingine mwisho wa mwezi. Kesho nipo Mwanjelwa naweza kumpitia fundi. Vipimo anavyo nani?

[20:31] Ba'mdogo: Nitapima asubuhi. Hela ya bawaba sitoi peke yangu.

[20:33] Sekela: Urefu wa shafti na upana kuzunguka viungio vyote viwili, Ba'mdogo. Upime trekta likiwa limezimwa. Na watoto bado hatujapata wa kubaki nao.