Land Rover 109: breki haziachii gari likishapata moto, nimechoka kubahatisha

Mzigo wa Mang'ola
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya mwaka 1979, petroli ile ya 2.25, breki za dramu magurudumu yote manne, ina boosta ya kusaidia pedali ya breki. Kazi yake ni kutoa vitunguu Mang'ola kupandisha Karatu.

Asubuhi linatoka jepesi kabisa. Nikienda kama kilomita 15 linaanza kuwa zito, gia ya tatu haivuti hata pa tambarare. Pedali ya breki inapanda juu na inakuwa ngumu kama nakanyaga jiwe. Juzi nikasimama, nikamwagia maji rimu ya mbele kushoto, yakachemka shiii na harufu ya lainingi ikanipanda kichwani. Nikikaa kivulini nusu saa linaachia lenyewe, nasogea, linajam tena.

Shida ilianza mwezi uliopita baada ya kubadili masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), ile ya zamani ilikuwa inavujia miguuni. Fundi akasema ni wili silinda, zile ndogo za kwenye gurudumu zinazobana breki, nikanunua mbili za mbele kushoto. Bado. Sasa anasema beringi. Kabla sijachoma hela nyingine, naombeni ushauri.

Dereva Mstaafu
Angalia kebo ya hendibreki. Ikishika kutu hairudi.

Spana 17
Mzee wangu, shikamoo, ila hapo hapana. Hendibreki ya 109 haiko kwenye magurudumu. Ina dramu yake nyuma ya gia boksi, inabana propela shafti. Ingekuwa hiyo, moto na harufu vingetokea chini ya sakafu katikati ya gari, siyo kwenye rimu.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Kweli, mimi nilikuwa nawaza Hilux.

Bonde la Eyasi
Uza hilo chuma ununue Canter.

Spana 17
Mwenye mada, kwanza usimwagie tena maji dramu yenye moto. Ni chuma cha kusubu, kinapasuka.

Pili, hiyo pedali kupanda na kuwa ngumu ndiyo inayokwambia kila kitu. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo, kama cha sindano, kinachorudisha fluidi kwenye kikopo ukitoa mguu. Fluidi ikipata joto inatanuka, na kitundu kikiwa wazi ile ziada inapanda kikoponi bila wewe kujua. Sasa pistoni isiporudi mpaka mwisho, raba yake inakaa juu ya kitundu. Fluidi inakosa pa kwenda, inasukuma shuu (vibao vyenye lainingi vinavyobana dramu), shuu zinasugua, joto linazidi, fluidi inatanuka tena. Ikipoa inaachia. Beringi haina tabia hiyo.

Siku likijam, usisubiri lipoe. Weka mawe kwenye magurudumu, piga jeki moja moja, uzungushe ujue yapi yamebana. Halafu legeza zile nati mbili zinazofunga masta kwenye boosta, masta isogee mbele milimita mbili hivi. Yakiachia palepale, fimbo ya boosta inaisukuma pistoni muda wote hata hujakanyaga. Yasipoachia, kaza, kisha legeza nati ya paipu ya chuma inayotoka kwenye masta. Yakiachia hapo, masta yenyewe haifai. Bado? Shuka kwenye gurudumu lililobana ufungue nipo, kile kinati cha kutolea upepo. Fluidi ikiruka na gurudumu likawa huru, presha ilifungiwa kwenye hozi ya mpira. Isiporuka kitu, achana na fluidi, vua dramu: springi, ajasta au pistoni imeganda. Vaa miwani, ile kitu inachoma macho na inabandua rangi.

Mama Gereji
Swali moja kabla hajafika huko: nani alijaza fluidi, na alijaza nini? Nimeshaona kikopo cha breki kimejazwa mafuta ya stelingi kwa sababu "yote mafuta". Raba zinavimba zote, gari linajam kila mahali. Chota kijiko kimoja, mimina kwenye glasi ya maji. Fluidi ya breki inachanganyika na maji, mafuta yanaelea juu. Yakielea, hakuna ujanja, kila raba kuanzia masta mpaka magurudumuni inabadilishwa.

Mzigo wa Mang'ola
Nimefanya ya glasi, imechanganyika vizuri, hakuna kilichoelea. Kesho nashuka na mzigo mwepesi, naondoka na spana.

Mzigo wa Mang'ola
Wakuu, nimerudi. Lilijam palepale pa siku zote. Nikapiga jeki: yote manne yamebana, mbele kushoto ndiyo haligeuki kabisa. Nikalegeza nati za masta, matatu yakaachia, nimeyazungusha kwa mkono. La mbele kushoto likagoma. Nikafungua nipo yake, fluidi ikaruka mpaka kwenye suruali, gurudumu likazunguka.

Spana 17
Una magonjwa mawili basi. Fimbo na masta mpya hazipatani, na hozi ya mbele kushoto imevimba ndani: mguu wako unaisukuma fluidi ipite, lakini shuu hazina nguvu ya kuirudisha. Kabla ya kununua masta nyingine, pima. Bandika kijidonge cha sabuni ya mche kwenye ncha ya fimbo, funga masta, fungua, uangalie: unene wa sabuni unaobaki ndiyo nafasi kati ya fimbo na pistoni.

Mzigo wa Mang'ola
Nimepima. Kwa masta mpya sabuni ilipondeka yote, ncha ya fimbo ikabaki chuma kitupu. Nikaweka ile ya zamani inayovuja: sabuni ilibaki unene wa milimita moja hivi. Nikazilaza mezani pamoja, pistoni ya mpya imekaa nje zaidi, unaiona hata kwa macho. Nimeirudisha dukani, nikachagua nyingine nikiwa na ya zamani mkononi na rula.

Hozi nimeichana kwa wembe. Nje nzima, ndani mpira umefunga, hata njiti ya kiberiti haipiti.

Mama Gereji
Hozi zilizobaki je? Mbele kulia na ile moja ya nyuma inayolisha magurudumu yote mawili, umri wao ni uleule.

Mzigo wa Mang'ola
Nimebadili zote tatu, tumetoa upepo tukianza na nyuma. Shuu za kushoto zilikuwa zinang'aa kama kioo, nimezipiga msasa. Leo nimepanda na magunia 14 bila kusimama. Nilipofika nimeshika habu zote nne: vuguvugu, kiganja kinakaa.

Bonde la Eyasi
Kwa hiyo huuzi?

Mzigo wa Mang'ola
Siuzi. Ila zile wili silinda mbili nilizonunua bila sababu ninazo, za zamani hazikuwa na shida. Mwenye 109 aje tuongee.