Land Cruiser 79 kwa Bonde la Rukwa: V8 ya dizeli au 1HZ? Naomba uzoefu wa wamiliki

Mnunuzi_wa_Mpunga (Mpanda) ameuliza:

Ndugu wamiliki na mafundi, nawasalimu nyote.

Kazi yangu ni kununua mpunga Mpimbwe na asali upande wa Inyonga. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikodi magari ya watu, na gharama hiyo hula faida karibu yote mvua zinapoanza, kwa sababu kuanzia Novemba hadi Aprili njia za bondeni hugeuka tope jeusi ambalo magari mengi ya kukodi hayathubutu kuliingia. Sasa nimejikusanya na nimeamua kununua pikapu ya Land Cruiser 79 iliyotumika.

Nimepata mawili ya kuchagua. La kwanza lina injini ya 1HZ ya silinda 6, lita 4.2, isiyo na tabo. La pili lina V8 ya dizeli, 1VD-FTV, lita 4.5, yenye tabo. Kwa takwimu za kiwandani, 1HZ ina takriban kilowati 96 na nguvu ya mzunguko ya Nm 285, ilhali V8 ina kilowati 151 na Nm 430, na tofauti hiyo ndiyo inayonivuta. Mzigo wangu ni kama tani moja, mara nyingine nikiwa na tela, na lazima nipande ukingo wa Ufipa nikitoka bondeni.

Naomba anisaidie mtu anayemiliki mojawapo. Je, nguvu hizo za V8 zinaonekana kwenye tope, au ni za lami tu? Inavumilia dizeli ya madumu, ambayo huku ndiyo tunayoipata vituo vinapokauka? Na je, kuna aliyefunga tabo kwenye 1HZ ili apate vyote viwili, uimara na nguvu?

Mfugaji_wa_Simanjiro:

Ndugu, pole na kazi. Ninao mkonga wa 1HZ, pikapu kama hiyo unayoitaka, na kazi yake ni kubeba maji, dawa za mifugo na ndama wagonjwa katika nyika za Simanjiro, ambako udongo mweusi ukishanyeshewa hautofautiani na huo wa kwenu.

Kwenye tope gari halitolewi na ukubwa wa injini. Linatolewa na tairi, na mpangilio wa mzigo, na dereva anayejua kutulia. Zile Nm 285 za 1HZ zinapatikana injini ikiwa kwenye mizunguko 2,200 tu kwa dakika, kwa hiyo ukiingiza L4 (gia nzito ya kuendesha magurudumu yote manne) na gia ya pili, gari linatembea lenyewe, taratibu, bila mguu kukanyaga mafuta, na magurudumu yanapata nafasi ya kuuma chini. Nguvu nyingi zikiwa chini ya mguu wa dereva mwenye haraka huchimba mashimo manne kwa muda mfupi sana, na gari linakaa juu ya ekseli. Baada ya hapo ni jembe na winchi, haijalishi una injini gani.

Hab za mbele, yaani vile vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli, zifunge kwa mkono ungali mahali pakavu. Ukisubiri hadi ukwame, utalazimika kufukua tope kwa vidole ili uifikie ile alama ya LOCK, na wakati mwingine mchanga ulioingia hufanya isizunguke kabisa. Kama gari lina difu loki, yaani kifungio kinachofanya magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke pamoja, ijaribu kabla ya kulipa: ukiwa L4, swichi ikizungushwa hatua ya kwanza hufunga difu ya nyuma, hatua ya pili huongeza ya mbele, na taa zake huacha kupepesa zikishashika. Ile ya mbele itumie ukiwa unakwenda moja kwa moja, kwa kuwa usukani huwa mzito sana.

Udhaifu wa 1HZ uko mlimani ukiwa na mzigo. Utapanda kwa gia ya pili na malori yatakufikia. Mafuta, kwa mwendo wangu, ni kilomita 7 hadi 8 kwa lita njia ikiwa nzuri, na hupungua sana ndani ya L4. Mimi nimeukubali udhaifu huo kwa sababu gari hili halijawahi kunilaza porini.

Ranchi_Laikipia:

Salamu kutoka Kenya. Mimi naendesha V8, na ninaitumia kuvuta tela la ng'ombe na kwenda Marsabit kukagua visima. Nakubaliana na ndugu wa Simanjiro kuhusu tope, lakini kuhusu mlima nina maoni tofauti. Mtu anayevuta tela kwenye mwinuko mrefu wenye kona hahitaji nguvu kwa ajili ya fahari. Anazihitaji ili asilazimike kubadilisha gia katikati ya kona, akapoteza mwendo na kuanza kurudi nyuma na mzigo. Nm 430 za V8 hushika kuanzia mizunguko 1,200 na kuendelea hadi 3,200, na hali hiyo humpa dereva utulivu ambao 1HZ haiwezi kumpa. Tangi la lita 130 nalo linakufikisha mbali kabla ya kutafuta kituo.

Hata hivyo yapo mambo mawili ambayo ni haki uyajue. Mwaka 2007, ili injini pana ya V8 iingie, ekseli ya mbele ilipanuliwa na ya nyuma ikaachwa ilivyokuwa, hivyo umbali kati ya magurudumu mawili ya nyuma ni mdogo kuliko wa yale ya mbele kwa milimita 95. Kwenye njia ngumu hutalihisi. Kwenye mchanga laini wa jangwa la Chalbi, au kwenye tope ambalo magurudumu ya mbele yameshalikata, magurudumu ya nyuma hayafuati mfereji ule ule. Yanapanda ukingoni mwake na kukata mwingine, na gari linayumba upande. Wapo wanaobadilisha rimu au ekseli ya nyuma ili kulirekebisha hilo, lakini ni gharama ya ziada.

La pili ni alternata. Imekaa chini sana kwenye injini hii, na maji ya tope yakiifikia na kukaukia humo, brashi zake huliwa haraka. Mimi kila ninapotoka kwenye matope husafisha sehemu hiyo kwa maji ya kawaida, polepole, siku hiyo hiyo, kabla tope halijakauka. Mashine ya shinikizo haifai, kwa kuwa inasukuma uchafu ndani zaidi. Ukikubali utaratibu huo, V8 itakutumikia vizuri.

Fundi_Arusha:

Ndugu zangu wamesema vizuri, nami nitaongeza yale tunayoyaona gereji, kwa sababu injini zote mbili nazifungua.

Nianze na tabo kwenye 1HZ, kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiifunge. Injini hii huchoma mafuta kwanza ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, na pistoni zake hazikuandaliwa kwa joto la tabo. Wapo wanaoifunga kwa shinikizo dogo na kipimo cha joto la moshi wakadumu nayo, lakini anayepanda milima na mzigo kila wiki atapasua hedi jirani na kile chumba. Ukitaka lita 4.2 yenye tabo iliyotoka kiwandani hivyo, tafuta 1HD-FTE, ambayo imeundwa upya kwa ajili hiyo. Nyingi ziko kwenye Land Cruiser 100, na pikapu zake si rahisi kuzipata.

Sasa dizeli ya madumu. Pampu ya 1HZ ni ya mitambo mitupu, haina kompyuta inayoiamuru, na fundi wa Mpanda mwenye uzoefu ataishusha, atabadilisha nozeli na kuirudisha. V8 inatumia mfumo wa reli ya pamoja (common rail), ambao hugawa mafuta kwa nozeli kwa shinikizo kubwa mno, na nozeli zake zinaamriwa kwa umeme. Tone la maji au punje ya kutu inayopita tu kwenye 1HZ huko inaharibu nozeli, na nozeli ziko nane. Wiki iliyopita nilipokea gari la mteja lililojazwa mafuta njiani, katika kituo ambacho hakukumbuka hata jina lake. Nilifungua kiziba kilicho chini ya chujio la dizeli, nikapampu kwa mkono na kukinga kwenye chupa angavu. Robo nzima ya chini ilikuwa maji, yamejitenga kabisa na mafuta ya juu. Kwa hiyo gari lolote utakalonunua, jifunze kumwaga maji ya chujio hilo mwenyewe, na dizeli ya dumu uiache itulie usiku kucha, kisha uichuje kwa kitambaa kizito na usiguse ile ya chini.

Kuna suala jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Stata ya V8 imefichwa kwenye bonde katikati ya silinda, chini ya manifoldi ya hewa. Kwenye 1HZ naitoa stata nikiwa nimelala chini ya gari, na kabla ya chai kazi imekwisha. Kwenye V8 ni siku nzima ya kufungua mabomba na manifoldi, na ukiwa Inyonga hiyo kazi haifanyiki hapo, bali gari linavutwa hadi mjini. Gari la V8 si baya, na ndugu wa Laikipia ana haki ya kulipenda. Ila linataka mafuta safi, fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu, na barabara ya kurudi. Wewe umeeleza mahali ambapo vitu hivyo vitatu vinakosekana kwa miezi sita ya mwaka.

Kama siku moja utanunua jipya, ujue kwamba sasa zipo 79 zenye silinda 4 za lita 2.8, zinazotoa Nm 500 na kuja na gia otomatiki. Zinavuta vizuri sana, lakini kwa suala la mafuta machafu ziko kundi moja na V8.

Mnunuzi_wa_Mpunga (Mpanda):

Nawashukuru kwa dhati. Hoja ya nguvu mlimani imenigusa, kwa sababu ukingo wa Ufipa naujua, lakini nikiangalia mafundi walioko Mpanda na mafuta ninayonunua, naona nielekee kwenye 1HZ na tela nilipunguzie mzigo. Fundi, nitalikagua Jumamosi. Niangalie nini hasa?

Fundi_Arusha:

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Likiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, kisha liwashwe huku ukitazama maji: mapovu yanayopanda bila kukoma ni dalili ya gasketi au hedi iliyopasuka, na hapo usiendelee na mazungumzo ya bei. Uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini na udai ushahidi, kwa kuwa hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Kama hana ushahidi, hesabu kwamba haujabadilishwa na ukate gharama hiyo kwenye bei.

Kisha inama nyuma ya gurudumu la mbele. Utaona mpira mkubwa wa chuma ambao gurudumu hugeukia. Upake kidole chako: ukikuta grisi nzito na nyeusi, ni sawa. Ukikuta ute mwepesi unaochuruzika, basi oili ya difu imevuka sili ya ndani na kuikoroga grisi, na beringi zinahitaji kufunguliwa. Fanya hivyo pande zote mbili. Inua kila gurudumu la mbele kwa jeki na ulitikise kwa kushika juu na chini.

Chini ya bodi, kagua chesisi mahali ambapo springi za nyuma zinashikiliwa, kwa sababu pikapu zilizobebeshwa kupita kiasi huanza kupasuka hapo, na rangi mpya ya lami iliyopakwa sehemu hiyo peke yake ikutie shaka. Namba ya injini ilinganishe na ile iliyo kwenye kadi ya gari. Ukishamaliza, nenda nalo mahali pakavu penye udongo laini, funga hab, ingiza L4, na uendeshe ukisikiliza, ila usijaribu H4 (magurudumu manne kwa gia nyepesi) wala L4 juu ya lami kavu, kwa kuwa gari hili halina difu ya kati na utaliumiza giaboksi kabla hujalinunua.